Je, Yafaa Kumpima Mchezaji Kabla Hajacheza?

Mwezi wa Julai ukifika, nchi yetu ya Korogwe na Handeni huingia katika majira mawili kwa pamoja. Ya kwanza ni majira ya machungwa. Wanunuzi hutoka mijini na kupita katika mashamba ya Kabuku na Mkata, wakizunguka kila mti uliolemewa na kuhesabu kwa macho. Kisha humtajia mwenye shamba bei, na matunda yangali juu mtini. Majira ya pili ni ya usajili wa wachezaji wa mpira wa miguu. Ligi ya mwaka uliopita imekwisha, na ile mpya haijaanza. Hakuna mchezo hata mmoja wa kutazamwa. Walakini ndizo siku ambazo mpira hunenwa kuliko siku zote, kwa maana hakuna awezaye kushindwa na ushahidi usiokuwapo bado.

Karibu na njia ya reli mjini Korogwe kuna baraza moja ambayo wengine wenu mnaijua, au mnaijua nyingine kama hiyo. Muuza kahawa huweka birika lake juu ya makaa tangu saa kumi jioni, na watu hukaa juu ya mabenchi mawili: benchi la watu wa Simba na benchi la watu wa Yanga. Hapo utamkuta fundi cherehani, na vijana wa bodaboda, na mwalimu mstaafu wa shule, na mzee mmoja aliyekata mkonge tangu ujana wake hata mgongo ukapinda. Mimi nikitoka kuwazuru wagonjwa hupita hapo na kunywa kikombe kimoja. Sisemi kwamba hupita kwa ajili ya kahawa tu. Mimi ni mtu wa Coastal Union ya Tanga, timu iliyoanzishwa mwaka 1948, nami nalikuwa mtoto wa miaka minane hivi ilipotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988; tangu hapo nimejifunza saburi. Kwa sababu hiyo mabenchi yote mawili hunipokea kwa huruma, na kunifanya mwamuzi.

Jioni moja habari ilikuwa ya mshambuliaji mgeni aliyesajiliwa na mojawapo ya timu hizo mbili. Yule mzee akasema, “Huyu hawezi. Tazameni magoti yake. Hayo si magoti ya mpira.” Fundi akamwuliza, “Babu, magoti yake umeyaona wapi?” Mzee akajibu, “Katika simu ya mjukuu wangu.” “Kwa muda gani?” “Dakika mbili, nazo zatosha.” Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha wakaendelea: huyu ni mtu mzima ameficha umri, yule ni mvivu, huyu ameletwa na dalali ili dalali apate kula, yule mwingine ni mtoto, hana moyo wa mechi kubwa. Kabla sijamaliza kikombe changu watu saba walikuwa wamekwisha kupimwa, na watano wametupwa. Wala hata mmoja katika hao saba hakuwa amegusa mpira bado kwa timu yake mpya.

Nikienda zangu nyumbani nalijiuliza: je, pana kosa hapa, au hapana?

Najua baadhi yetu watajibu upesi kwamba hayo ni maneno ya upuzi, na mtu wa Kanisa ayaache. Mimi sitaki kujibu hivyo. Kwanza, jambo linalokalia mioyo ya watu wengi kiasi hicho haliwi upuzi kwa sababu sisi tumeliita upuzi. Tena, katika hao wasemao hivyo wako ambao nimewakuta usiku wa mechi wamekaa karibu na redio, sauti wameipunguza.

Siku ya pili nikalileta neno hili barazani. Wa kwanza kunijibu alikuwa yule mwalimu mstaafu. Akasema, “Mchungaji, huu ni utani tu. Simba na Yanga ni watani wa jadi.” Naye alisema kweli. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Simba iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971 ilipopewa jina lake la sasa. Kwa miaka karibu tisini watu wa pande hizi mbili wamefanyiana mzaha, na mzaha huo umewapa watu wa makabila yote jambo la kusemezana, hata mgeni ashukaye garini asiyemjua mtu hapati shida ya kuanza mazungumzo.

Lakini sisi watu wa huku twaujua utani wenyewe. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu zamani. Mtani akija matangani huweza kusimama mbele ya wafiwa akasema, “Marehemu huyu alikuwa mchoyo, msimzike kabla sijalipwa kuku wangu,” wala hakuna anayekasirika. Huenda hata mjane akatabasamu katikati ya machozi. Kwa nini maneno hayo, ambayo mtu mwingine akiyasema angepigwa, kwa mtani yawe dawa? Nadhani ni kwa sababu mbili. Aliyetaniwa yupo, au ndugu zake wapo, nao kesho watakwenda kwa mtani kumrudishia yale yale. Tena mtani hatoi maneno matupu: yeye ndiye huchukua jembe akachimba kaburi, na kuchota maji, na kulala na wafiwa. Amenunua haki ya mzaha wake kwa jasho.

Sasa yule mshambuliaji mgeni ni mtani wa nani? Yule mzee wa Yanga na yule fundi wa Simba ni watani kweli. Mzee alipougua mwaka jana fundi ndiye aliyempeleka hospitali, akimcheka njia nzima. Wao wana haki ya kurushiana maneno hata usiku wa manane. Lakini mchezaji hayupo barazani. Hajui Korogwe iko upande gani. Hawezi kujibu habari ya magoti yake. Watani wawili wamemwokota mtu wa tatu na kumfanya jiwe la kurushiana. Na kila jiwe likipiga, wao hucheka, na jiwe halina neno.

Hapo mwalimu akaleta hoja nyingine, nayo ni nzito kuliko ile ya kwanza. Akasema, “Kama hayupo wala hasikii, basi tumemdhuru nini? Mtu hupigwa na fimbo iliyomfikia.” Watu wa mabenchi yote mawili wakamwitikia, jambo ambalo si la kila siku.

Nami nalinyamaza, kwa kuwa nalikumbuka jambo langu mwenyewe. Sikulisema barazani. Nalisema hapa.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mchungaji kijana katika usharika mmoja upande wa Handeni, palikuwa na kijana wa kwaya aliyecheza mpira pembeni, upande wa kushoto. Alikuwa mwembamba, miguu kama ya korongo. Siku moja akaja mtu aliyekuwa akikusanya majina ya vijana wa kupelekwa Tanga kwenye majaribio ya timu. Nafasi zilikuwa chache. Kwa kuwa alijua ya kuwa napenda mpira, akanisomea orodha yake na kuniuliza habari za kila mmoja. Yule kijana nalikuwa nimemwona akicheza mara moja tu, uwanja ukiwa tope baada ya mvua, naye alianguka mara tatu. Jina lake lilipotajwa nikasema, “Huyo mwache kwaya, miguu yake ni ya kusimamia akiimba.” Yule mtu akacheka sana, akapiga mstari juu ya jina. Naliiona kalamu ikipita. Neno lile lilikuwa limechekesha, nami nalilipenda kwa sababu lilikuwa langu, basi sikusema, “Ngoja, nimemwona mara moja tu.” Ingalinigharimu nini kusema hivyo? Ingalinigharimu kicheko kile, basi.

Yule kijana hakusikia. Kwa hoja ya mwalimu, basi, hakupigwa na fimbo yoyote. Alibaki kijijini akilima mihogo na mama yake, akawa akiimba kila Jumapili, na kila Jumapili nalimwona.

Kwa hiyo siamini kwamba neno halina nguvu mpaka limwingie mtu masikioni. Laweza kupita mbali naye likafika mlangoni kwake. Na katika siku hizi za simu hata masikioni hufika: lile lililosemwa barazani jioni huandikwa na vijana usiku, na mtu aliyeko Dar es Salaam hulisoma asubuhi kabla ya mazoezi, bila kicheko kilichokuwa pamoja nalo.

Katika chuo cha uchungaji twalisoma kidogo habari za Aristoteli, Myunani mwenye hekima, aliyeishi zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Kristo. Yeye aliuliza: mtu akisema leo kwamba kesho merikebu zitapigana baharini, je, neno lake leo hii ni kweli, au ni uongo? Wakati ule wenzangu wengine walisinzia, nami sikuwa mbali nao. Barazani ndipo nilipomwelewa. Asemaye mwezi wa Julai, “Huyu hatafunga mabao,” hajasema uongo, wala hajasema kweli. Jambo lenyewe halijawa. Amesema matazamio yake, nayo ni mali yake, ayaseme apendavyo. Lakini sikilizeni jinsi maneno yanavyoteleza. Huanza na “nadhani hatafunga,” kisha “hatafunga,” kisha “hawezi,” kisha “hafai.” Lile la kwanza ni habari ya siku zijazo. Lile la mwisho ni habari ya mtu, naye aliyelisema amevaa nguo za shahidi wakati hakuona kitu.

Na siku zijazo zina desturi ya kutuaibisha. Yanga walitwaa ubingwa wa msimu wa 2021/22 bila kufungwa mechi hata moja ya ligi, wakaendelea hivyo mpaka michezo 49. Na wengi walidhani hakuna wa kuwafunga ila Simba, kama wako. Tarehe 29 Novemba 2022 huko Mbarali, Ihefu, timu ambayo barazani kwetu haikupewa hata nusu kikombe cha mazungumzo, ikawafunga mabao mawili kwa moja. Au mchukueni Fiston Mayele, Mkongo, aliyekuja Yanga mwaka 2021 na kufunga mabao 17 ya ligi katika msimu wa 2022/23. Alipokwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023, benchi moja lilisema kwamba amekwenda kupotea, na benchi lake la zamani likasema vivyo hivyo kwa uchungu. Tarehe 1 Juni 2025 yeye mwenyewe alifunga bao mjini Cairo, Pyramids wakawashinda Mamelodi Sundowns mawili kwa moja, wakatwaa kombe la mabingwa wa Afrika. Muuza kahawa akauliza ni nani aliyesema kwamba atapotea. Hakuna aliyekumbuka.

Mtu atasema: basi dawa ni kuwasifu tu wachezaji, tusiwaseme vibaya. Hapana, ndugu zangu. Sifa nayo yaweza kuwa hukumu, tena nzito. Mbwana Samatta alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akatwaa nayo kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika katika wale wachezao ndani ya Afrika. Januari 2020 alipokwenda Aston Villa ya Uingereza, Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya kule, furaha haikuwa na mpaka. Tarehe 1 Machi alifunga bao katika fainali ya kombe uwanjani Wembley dhidi ya Manchester City. Lakini barazani kwetu alikuwa amekwisha kuahidiwa mabao ishirini ya ligi. Alicheza mechi 14 za ligi akafunga bao moja, na Septemba ya mwaka ule akapelekwa Uturuki. Wale wale waliombeba mabegani wakaanza kumcheka. Nalisema wakati ule, na nasema tena, kwamba yeye hakuahidi kitu. Deni tuliandika sisi, sahihi yake haimo.

Clatous Chama wa Zambia alipoondoka Simba na kwenda Yanga Julai 2024, nalimsikia mtu mmoja, kwa kinywa kimoja na katika juma moja, akimwita mwalimu wa mpira, kisha mzee aliyechoka. Miguu ya Chama ilikuwa ile ile. Basi tulikuwa tukimpima nani?

Martin Luther, alipoieleza Amri ya Nane katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia katika kukataza ushahidi wa uongo. Alitaka tumtetee jirani na kuyafasiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Watoto wetu wa kipaimara huyakariri hayo bila kusita. Sijasikia bado mtoto akiuliza kama mlinda mlango wa timu ya pili naye ni jirani, lakini kama akiuliza, mwinjilisti awe tayari.

Mwinjilisti mmoja rafiki yangu, niliyemsomea maneno haya kabla sijayaleta kwa mhariri, hakuridhika. Alisema, “Baba Mchungaji, ukituondolea kukadiria umetuondolea upendo. Mama akimtazama mtoto mchanga husema, huyu atakuwa mrefu. Mkulima hutazama mawingu. Asiyekadiria hajali.” Naona amesema vema, na sina nia ya kuzifunga baraza. Yule mzee wa mkonge hana shamba, wala pensheni ya kutosha, lakini kila Julai timu yake haijafungwa na mtu, na kwa majuma machache yeye naye ni tajiri wa matumaini. Hata sisi wa Coastal katika mwezi ule tu sawa na wakubwa. Tena si matumaini ya bure, kwa maana katika msimu wa 2023/24 tulishika nafasi ya nne. Kumtumaini mchezaji ambaye hujamwona ni jambo jema. Kumwogopa aliyesajiliwa na wapinzani nako si dhambi.

Ila mfano wa mkulima wamgeukia aliyeuleta. Mtu wa Handeni apandaye mahindi mvua ikiwa bado ni wingu, amekadiria, na mbegu yake iko ardhini; mvua ikikataa, kama ikataavyo mara kwa mara huku kwetu, njaa ni yake. Yule mnunuzi wa machungwa naye akikosea hesabu ya mti, hasara ni ya mfuko wake, kwa hiyo huuzunguka mti mara mbili kabla hajanena. Kocha akimchagua mchezaji asiyefaa hufukuzwa kazi. Sisi barazani twaweka nini? Tukikosea juu ya Mayele, kahawa ilikuwa na bei ile ile. (Wako vijana walioniambia kwamba wao huweka fedha. Habari ya kubeti nitaiandika siku nyingine. Kwa sasa nasema tu kwamba huyo hakuweka dhamana kwa ajili ya mchezaji, amemtegea mtego.) Yule atoaye hukumu isiyomgharimu kitu ndiye atoaye upesi, nami nalikuwa mmoja wao siku ile ya kalamu.

Sasa nimalize habari ya yule kijana. Mwezi uliopita nalikwenda upande wa Handeni kwa maziko. Niliposhuka garini pale Chanika nikaita pikipiki, na mwendeshaji alikuwa yeye, sasa mtu mzima, baba wa watoto wawili. Akanisalimu kwa furaha. Tulipofika njia ya vumbi nikamwomba asimame chini ya mti, nikamweleza yote: yule mtu, orodha, neno langu, mstari wa kalamu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hata akashika usukani. Akasema, “Baba Mchungaji, majaribio yale nayakumbuka. Juma lile nalikuwa nimelala na homa, hata maji sikuweza kuyanywa. Wangeniita nisingekwenda.”

Nalifurahi sana. Lakini tulipokuwa tukiendelea na safari furaha ile ilianza kunipungua, nami sikujua sababu mara moja. Homa yake mimi sikuijua nilipolitoa neno lile. Mtu arushaye jiwe gizani, asipompiga mtu, hawezi kusema kwamba alikuwa na shabaha njema. Nikataka kumwambia hivyo, ila sauti ya pikipiki ilikuwa kubwa.

Karibu na kijiji akapunguza mwendo, akageuza kichwa kidogo na kuniuliza kuhusu mlinda mlango aliyesajiliwa na Simba, yeye akiwa ni mtu wa Simba: “Baba, wewe wamwonaje?” Nalikuwa nimemwona mara moja, katika simu ya mtu mwingine, kama dakika mbili. Kinywa changu kilikuwa kimekwisha kufunguka.